Dirisha la Ghala la Mzee Tembo

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na majiko, maghala na vikao visivyokwisha, palizuka fumbo ambalo anayewasimulia amelipindua miaka mingi bila kulitegua. Fumbo lenyewe ni hili, watoto: je, mtu aweza kukitafuta kitu nyumba nzima, kwa hasira ya kweli kabisa, na kitu chenyewe kimo kinywani mwake? Na kama aweza, je, mwenyewe anajua?

Liwekeni fumbo hilo chini ya mkeka. Tutaliinua baadaye.

Mzee Tembo alikuwa na nyumba kubwa. Shambani alikuwapo Nyati, aliyehesabu mavuno kwa kufunga mafundo kwenye kamba. Jikoni alikuwapo Ngiri, aliyeweka kokoto moja kwa kila kikapu alichopika. Ghalani alikuwapo Kindi, mdogo kuliko wote, aliyekwaruza alama kwenye mwimo wa mlango, kwaru, kwaru, kila kikapu kilipopita. Kindi aliishi humo humo ghalani, darini, yeye na watoto wake watatu.

Siku ya kumi na tano baada ya mavuno, Mzee akaitisha hesabu. Mafundo ya Nyati yalisema vikapu mia moja vya mtama vimeingia. Kokoto za Ngiri zilisema arobaini na vitano vimepikwa.

"Vinabaki vingapi?" Tembo akanguruma.

"Hamsini na vitano, Mzee," akasema Ngiri.

"Na ghalani vipo vingapi?"

"Arobaini, Mzee," akasema Kindi.

"Kumi na vitano viko wapi, Kindi?"

Kindi alijua viko wapi. Nyumba nzima ilijua. Nyuma ya ghala, juu kabisa, palikuwa na dirisha. Kila siku jua la utosi, fyuuu! mkonga uliingia dirishani, ukazama kikapuni, ukakikausha kikapu, ukatoka. Nchi ile haikuwa na mikonga miwili.

Lakini nyumba ya Mzee Tembo ilikuwa na adabu zake, na adabu ya kwanza ilikuwa hii: mkubwa hatazamwi akila. Mkonga ukiingia, wote hugeukia ukuta. Nyati hutafuta kupe asiyekuwapo. Ngiri hukohoa ndani ya chungu. Kindi huhesabu boriti za dari, ambazo alikwisha kuzihesabu. Na kitu usichokitazama hukukiona, na usichokiona utakikwaruzaje mlangoni?

"Sijui, Mzee," akasema Kindi, akaukazia macho mguu wa Mzee, ambao ulikuwa mkubwa kuliko yeye na watoto wake wote.

"Mimi najua!" Tembo akapiga chini, puu! "Kumbukumbu zetu zimetawanyika. Kamba huku, kokoto kule, mikwaruzo mlangoni. Tunataka mfumo mmoja wa nyumba nzima! Wauzaji waje, wajaribu siku saba. Na mifumo yao ikionyesha kuwa mtama unapotelea ghalani, basi wewe Kindi na watoto wako mtashuka darini, mkatafute pa kulala kabla ya masika."

Baraza likapiga makofi. Tatizo lilikuwa limekwisha kupata jina zuri, na tatizo lenye jina zuri ni kama limetatuliwa nusu.

Wa kwanza kufika alikuwa Kiboko. Alibeba bamba la jiwe mgongoni, akalibwaga uani. Puu! Kuku wakapaa.

"Mfumo wangu ni mmoja, mzito, na umekamilika!" akasema. "Shamba, jiko, ghala, vyote viko kwenye bamba hili. Kikichongwa hapa, hakipotei."

Na kweli, hakikupotea kitu. Ila bamba halikupita mlangoni, basi mlango ukavunjwa. Halikutosha jikoni, basi mafiga yakahamishiwa barazani. Kisha Kiboko akamsomea Ngiri utaratibu: kwanza unga sufuriani, halafu maji yakatekwe.

"Unga bila maji, Bwana Kiboko?"

"Nyumba zote kubwa hufanya hivyo."

"Nyumba zipi?"

"Kubwa."

Siku ile walikula kitu ambacho Ngiri hakukipa jina.

Wa pili alikuwa Bi Twiga. Yeye hakubeba chochote. "Msivunje hata ufito, wapenzi wangu," akasema kutoka juu. "Kumbukumbu zenu nitakaa nazo huku, karibu na mawingu. Mkitaka kujua lolote, semeni tu."

Naye hakudanganya. Kwa jicho moja aliona shamba, kwa jingine jiko, na kulipokuwa kweupe alijibu kabla swali halijaisha. Asubuhi ya siku ya tatu ukashuka ukungu.

"Bi Twiga!" Ngiri akaita. "Nipike vikapu vingapi leo?"

Ngiri akaita tena, kwa nguvu zaidi:

"Bi Twigaaa!"

"Ombi lako limepokelewa," sauti ikasema ndani ya ukungu. "Endelea kusubiri."

Walikula saa tisa alasiri. Kindi akauliza kwa upole, "Na siku ukiondoka, Bi Twiga, kumbukumbu zetu tutabaki nazo sisi?"

"Mpenzi," akasema Twiga, "siku ya posa, mbona unauliza habari za talaka?"

Wa tatu alikuwa Nyani, na binamu zake kumi na mmoja, kila mmoja na magome ya mti kwapani. "Wangu ni bure!" akapiga kelele. "Bure kabisa! Na kila mtu aurekebishe apendavyo!"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ngiri alitaka mahali pa kuandika chumvi. Kabla hajapiga chafya, pakapatikana. Bahati mbaya binamu aliyeongeza chumvi alifuta kuni, na binamu aliyerudisha kuni aliziita muhogo. Kwa muda wote huo wale kumi na wawili walilala migombani, na migomba ilipobaki majani matupu, Nyani akaeleza kwamba ndizi si bei. Ndizi ni matunzo.

Kindi hakumcheka hata mmoja. Aliona kwamba jiwe lina nguvu ya jiwe na uzito wa jiwe, kwamba anayeona mbali hukosa kuona wakati wa ukungu, na kwamba cha bure nacho kina tumbo. Nyumba ingeweza kuishi na yeyote kati yao, kama ingemvumilia kama inavyovumilia mkwe.

Lililomnyima raha ni jambo moja tu. Kila siku jua la utosi, fyuuu! Na Kiboko alifumba macho. Na Twiga aligeuzia shingo milimani. Na Nyani na binamu zake walianza kuchaguana chawa. Mifumo mitatu, adabu ile ile. Hakuna aliyechonga wala kuandika. Siku ya saba wote watasema mtama umeingia ghalani na haukutoka mlangoni. Basi aliyeula ni mwenye kulala ghalani.

Siku ya sita Ngiri akamwendea. "Dada Kindi, nina shimo langu la zamani kule bondeni. Masika hujaa maji kidogo, lakini..."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka juu."

"Ahsante, dada yangu. Acha kwanza nijaribu ulimi. Ukishindwa, tutajifunza kuogelea."

Akatoka mbio, mkia juu, mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, kadogo. Wataka nini?"

"Nimekuja kukupa pole tu. Mzee amenuna."

"Kanunia nini?"

"Kasikia kwamba kwenye bamba lako Ngiri katajwa mara ishirini, mimi mara thelathini, na yeye, mwenye nyumba, hajatajwa hata mara moja. Kasema, 'Mfumo gani huu, unamjua mpishi, haumjui mwenye mtama?'"

Kiboko akalitupia bamba lake jicho. "Lakini... adabu, kadogo. Mkubwa hatazamwi akila."

"Hatazamwi. Nani kasema hatajwi? Mkubwa asiyetajwa ana ukubwa gani?"

"Na Twiga? Twiga kamtaja?"

"Aa, mimi ni mtu wa ghala tu, Bwana. Nasikia kamtaja, tena kwa heshima sana."

Kabla Kindi hajafika kona ya ua, alisikia nyundo: ko! ko! ko! ko!

Kwa Twiga alipanda mti, akamnong'oneza sikioni maneno yale yale, ila safari hii aliyemtaja Mzee kwa heshima sana alikuwa Nyani. Nyani naye hakungoja hata amalize. "Kiboko? Yule mnene? Kamtaja Mzee kutushinda sisi? Binamu! Leteni magome mapya!"

Alasiri ya siku ya saba baraza likakaa. Ghala lilihesabiwa: wiki ile Ngiri alipika vikapu ishirini na kimoja, na vingine saba vilikuwa vimepotea juu ya vile kumi na vitano. Watoto wa Kindi walikuwa wamefunga mzigo wao. Ulikuwa unatosha kwenye ganda la nazi.

"Haya," akasema Mzee Tembo. "Semeni. Mtama unapotelea wapi?"

Kiboko akawasukuma wenzake. "Mzee! Kabla ya yote, mfumo wangu unakuheshimu! Siku saba, mkonga wako umeingia ghalani mara saba, na kila mara kikapu kizima! Nimeuchonga kwa alama kubwa kuliko zote!"

"Mara saba?" Twiga akainamisha shingo kwa huruma. "Unamdunisha Mzee hivyo, mbele za watu? Mimi nilikuwa nikiuona tangu kule kwetu, kabla hata sijafika hapa. Mara kumi na nne, Mzee!"

"Aibu!" Nyani akaruka. "Kumi na nne ni mkonga wa ndama! Sisi tumeuliza ndege wote wa ua huu, tumeandika yote! Ishirini na mbili, Mzee! Vikapu ishirini na viwili, na bado ulikuwa na njaa!"

Ngiri akaangalia kokoto zake. Midomo yake ilisogea. "Kumi na vitano vya zamani," akasema kama anayeota, "na saba vya wiki hii..." Kokoto ikamponyoka, ti! "Ishirini na viwili."

Kwa mazoea, baraza zima likageukia ukuta.

Mzee Tembo aliuinua mkonga wake, akautazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua. "Huu?" akauliza.

"Huo, Mzee," Kindi akauambia ukuta.

Hapa ndipo tunapoinua mkeka. Wapo wasemao masikio ya Mzee yalilala kwa mshangao wa kweli, kwamba mtu ambaye hajawahi kuhesabiwa hawezi kukumbuka kuwa naye yumo katika hesabu. Wapo wasemao mshangao ule ulikuwa mzuri mno, kama uliofanyiwa mazoezi. Anayewasimulia hakuwamo moyoni mwa Mzee, na hatajitia kuwamo.

Kindi akageuka. Alikuwa wa kwanza, katika nyumba ile, kugeuka.

"Mzee," akasema, "ulisema mifumo ikionyesha kwamba mtama unapotelea ghalani, mimi na wanangu tutoke. Mifumo yote mitatu imesema unapotelea dirishani."

Tembo akakohoa. Akakohoa tena. "Na upi bora kati ya hiyo mitatu?"

"Yote ina uzuri wake, Mzee. Leo imekubaliana, na nasikia hilo halijapata kutokea popote."

Kiboko akaanza kupigapiga jiwe lake, Twiga akaomba radhi, nao binamu wa Nyani walikuwa wamekwisha kuukwea ukuta wa ua ili watoroke, magome yao yakibaki chini.

Funzo ni hili, watoto: mfumo hauoni kile ambacho wenye nyumba hugeukia ukuta ili wasikione.

Baraza likaamua kwamba wauzaji warudi makwao, na Kiboko kabla ya kwenda ajenge upya mlango alioubomoa. Akaujenga, ingawa ulifunguka kwa nje. Ikaamuliwa kwamba Nyati, Ngiri na Kindi wakwaruze wote kwenye mwimo mmoja, na Mzee awe na mstari wake kama wengine. Ikaamuliwa kwamba Kindi na watoto wake wafungue mzigo wao na warudi darini. Na dirisha lizibwe.

Lilikuwa juu mno, hakuna mwingine aliyeweza kufikisha udongo huko. Basi aliyeliziba ni Mzee Tembo mwenyewe, kwa mkonga ule ule, tonge la udongo juu ya tonge la udongo. Lilipobaki tundu la mwisho, akasita, akatazama huku, akatazama kule. Fyuuu!

Kindi alikuwa ghalani, amesimama, uso wake umeelekea dirishani. Akauendea mwimo, akautafuta mstari mpya.

Kwaru.