Hodi kwa Mpamba-mwitu

Paukwa!
Pakawa!
Mbuzi wamefungwa?
Wamefungwa!
Basi sogeeni motoni, na aliyeshiba asisinzie.

Hapo zamani za kale alikuwepo Bi Kipepeo, aliyebakiwa na mayai matatu tu. Akawatafutia wanawe mahali pa kukaa.

Akaanza kwa Mchicha. "Hodi!"

"Karibu, mwanangu! Majani yangu matamu."

Akaweka yai. Jioni akapita mama mmoja na ungo, akachuma mchicha wote, yai likaingia chunguni. Bi Kipepeo akalia.

Akaenda kwa Kunde. "Hodi!"

"Karibu! Kwangu ni utamu mtupu."

Akaweka yai. Beberu akaruka ua, akala kunde na yai lake. Bi Kipepeo akalia mpaka sauti ikamkauka.

Likabaki moja. Kando ya njia alisimama Mpamba-mwitu peke yake, utomvu wake mweupe kama maziwa, lakini sumu. Mbuzi walimpitia mbali. Bi Kipepeo aliogopa, lakini aende wapi tena?

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi, bibi!"

"Umepotea?" Mpamba-mwitu akauliza. "Kwangu habishi hodi mtu. Mimi mchungu, mjukuu wangu."

"Hao watamu wamenimalizia wanangu. Nipokelee huyu."

"Haya. Ila akila kwangu, asinikunjie uso. Inaniuma."

Bi Kipepeo akalinong'oneza yai wasia huo, akaenda zake.

Akatoka Kiwavi. Akang'ata jani. Chungu! "Ahsante, bibi." Akang'ata tena. Chungu! "Ahsante, bibi." Mara ya tatu akazoea, akala, akanenepa.

Siku moja ndege Shorewanda akaja na njaa yake, akamdaka. Bi Kipepeo alikuwa akipita, akapiga ukelele, "Mwanangu! Sina mwingine!"

Shorewanda akambana mdomoni. Mara, ptu! Akamtema. "Kitu gani hiki? Chungu kama shubiri!" Akakimbilia mtoni kusukutua, na wanawe akawaonya wasimguse huyo kamwe.

Kiwavi akarudi akitambaa. "Bibi, nimeponaje?"

"Kwa chakula changu, ulichokula bila kunikunjia uso."

Mpamba-mwitu akafurahi mno, maana hakuwahi kumfaa mtu. Na Kiwavi akaota mabawa, akaruka na mama yake.

Basi mkipalilia, wanangu, mkimwona Mpamba-mwitu kando ya njia, msimwonje, wala msimng'oe. Humo mna mtoto wa mtu.

Mimi nilimwonja. Mnauliza kwa nini uso wangu umekunjamana hivi? Hadithi imelala, nasi tukalale.