Mpokezi wa Waziri Ndimbo

"Mpokezi muulize mtumaji, ndipo umpe mzigo." Ndiyo methali mliyoisikia jana, wajukuu zangu, mama yenu mdogo alipokuwa akimuaga binti yake anayekwenda kusoma ng'ambo. Mkaniuliza imetoka wapi. Wengi hudhani ni ya zama za misafara na wapagazi. Sivyo. Chanzo chake ni hiki.

Katika wizara moja alikuwako afisa itifaki, jina lake Atupele Mwasambili. Kazi yake ilikuwa kuandaa safari za wakubwa nje ya nchi: viza, hoteli, magari, na nani atamlaki nani. Alikuwa mwanamke mwangalifu, na wenzake walimcheka kwa kuuliza jambo moja mara tatu.

Safari hiyo alikuwa amemwandalia Waziri Kassian Ndimbo ziara ya kiserikali katika nchi ya mbali, ambako siku zile hali haikuwa shwari. Alikubaliana na balozi wetu kwamba balozi mwenyewe ndiye atakayewapokea, katika chumba cha wageni wa heshima pale uwanja wa ndege. Wakaondoka watatu: waziri, Atupele na askari wa kumlinda waziri.

Waliposhuka kwenye ndege walimkuta mtu nadhifu, suti nyeusi, anatabasamu. Alimsalimu waziri kwa Kiingereza na kumtaja kwa majina yake yote. Akaeleza kwamba chumba cha wageni kinafanyiwa ukarabati, na kwamba balozi anawasubiri hotelini. Akaongeza kuwa mpishi ameshaambiwa mheshimiwa hali samaki. Waziri akafurahi. Akampa begi lake la mkononi, lile lenye nyaraka za serikali. Askari akaombwa akachukue mizigo mikubwa, naye akaenda.

Atupele alifuata nyuma, moyo haujatulia. Habari ya samaki hakuwa amemwambia mtu yeyote. Lakini angemhojije mwenyeji mbele ya waziri wake? Aliona haya, akaendelea kutembea.

Nje palikuwa na gari jeusi, injini inanguruma. Waziri aliingia, begi likawekwa mbele kwa dereva. Hapo simu ya Atupele ikaita. Alikuwa balozi.

"Bi Atupele, mko wapi?" balozi aliuliza. "Nipo chumba cha wageni. Abiria wote wameshapita, ninyi siwaoni."

Atupele aliishusha simu. Alishika mlango wa gari kabla haujafungwa, akainama kwa waziri na kusema kwa Kiswahili, akiamini kwamba hakuna mwingine atakayeelewa:

"Mheshimiwa, shuka taratibu. Hawa si wenyeji wetu."

Waziri alimkodolea macho. Ndipo yule mtu wa suti, aliyekuwa hajatamka hata neno moja la kwetu, akasema kwa Kiswahili safi, tena kwa upole:

"Mama, toa mkono mlangoni. Utaumia."

Atupele hakutoa mkono. Alimshika waziri kwapani, akamvuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo, na wote wawili wakaanguka chini. Gari likachomoka na mlango wazi, begi likiwa ndani. Yule mtu wa suti alikuwa amesharukia kiti cha mbele, naye hakuonekana tena.

Balozi na askari waliwakuta wamekaa palepale chini. Waziri alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Kisha akasema, kama anayeongea peke yake:

"Yule mtu alinipigia simu wiki iliyopita. Akasema yuko ubalozini. Akaniuliza nafika lini, nakula nini, nasafiri na nani. Nikamweleza yote."

Balozi alitikisa kichwa. Ubalozi haukuwa umempigia. Atupele alifumba macho. Milango yote aliyoifunga yeye, mkubwa wake alikuwa ameifungua kwa simu moja, tena kwa furaha.

Begi halikupatikana, wala haikujulikana yule mtu alitumwa na nani. Ziara iliendelea. Kesho yake, kwenye ngazi za ikulu ya nchi ile, ofisa mmoja alinyoosha mkono ampokee waziri faili. Waziri alilikumbatia kifuani.

"Samahani, bwana," alisema. "Nani amekutuma?"

Atupele alidhani wenyeji wataona wametukanwa. Lakini ofisa yule alitoa kitambulisho chake, akamtaja mkuu wake, akasubiri hadi balozi alipothibitisha. Hakukasirika hata kidogo. Ndipo waziri akampa faili.

Madereva wa ubalozi walilisimulia jambo hilo, likafika wizarani, likatoka mitaani, hata leo wazazi huwaambia watoto wanaosafiri: mpokezi muulize mtumaji, ndipo umpe mzigo. Aliyetumwa kwa haki ataona fahari kumtaja aliyemtuma.