Pikapu ya Kiboko Yaugua

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na leseni za udereva, Bwana Kiboko alikuwa na pikapu ya kijani. Aliitumia kupeleka maboga sokoni, na aliipenda kiasi kwamba aliifuta vumbi kwa kanzu yake mwenyewe.

Adui wa pikapu ile walikuwa panya. Waliingia ndani ya boneti, wakajenga, wakatafuna nyaya. Siku moja gari likazimika katikati ya njia, kimya kabisa, na maboga yakaozea palepale juani. Bwana Kiboko akarudi nyumbani kwa miguu. Kwa kiboko, hilo si jambo dogo.

"Basi!" akasema. "Panya hataingia tena."

Fundi akalivuta gari hadi nyumbani, akabadilisha nyaya. Kiboko akafyeka majani kulizunguka. Akafagia makombo ya mihogo chini ya viti. Akaziba kila tundu la nje kwa wavu wa chuma. Akanyunyiza pilipili ya unga kwenye matairi. Kisha akamwajiri Paka Shume awe mlinzi, akampa kiti na filimbi.

Kazi nzuri, wanangu. Ila aliuacha ufagio umeegemea mlango wa gari, na dirisha lilikuwa wazi.

Jioni ile ikanyesha mvua kubwa, na shimo la panya mmoja aitwaye Siwatu likajaa maji. Siwatu alikuwa mjamzito, tumbo hili hapa, hata kukimbia hawezi. Paka Shume alikuwa amejikunyata barazani akijikinga na mvua. Siwatu akapanda ufagio, kwaru kwaru kwaru, akaingia dirishani, akapenya nyuma ya pedali, mahali ambapo hakuna aliyewaza kupaziba. Kulipopambazuka alikuwa amejifungua watoto watano kando ya betri, wekundu, macho yamefumba.

Kabla hajamaliza kuwaramba, akasikia mlango: kwaa! Bwana Kiboko ameingia, na funguo zinalia mkononi.

Siwatu akapiga hesabu. Injini ikiwaka, watoto wamekwisha. Akikimbia, ataokoa roho yake peke yake. Akasogeza mdomo kwenye bomba linalopeleka hewa ndani ya gari, akapiga ukelele:

"Uwiii! Usiniwashe, baba! Naumwa!"

Kiboko akaganda. "Nani huyo?"

"Mimi, gari lako."

"Gari langu? Mbona sauti nyembamba hivyo?"

"Ugonjwa umenikondesha, baba."

Kiboko akafikiri, akaona jambo hilo linaingia akilini. "Unaumwa wapi?"

"Kote. Miguu inawaka moto. Nani amenipaka pilipili?"

Kiboko akainamisha kichwa. "Mimi."

"Na pua zangu zimezibwa kwa vyuma. Na huyo paka wako, manyoya yake yananipa chafya. Che! Che! Nimekukosea nini, baba?"

Chozi zito likamdondoka Kiboko. "Nisamehe. Ngoja nifungue boneti nikutazame."

"Boneti?" Sauti ya Siwatu ikapanda. "Unifunue mchana kweupe, mbele za watu? Mimi ni gari lenye heshima!"

"Samahani! Samahani sana!"

"Nipumzishe tu. Nifunike blanketi. Nipe uji wa ulezi, usiwe moto sana. Na karanga, zilizomenywa. Uviweke chini ya injini, nitajihudumia."

Kiboko akaondoa wavu. Akaosha matairi kwa maji ya vuguvugu. Kisha akamwita Paka Shume.

"Kazi imekwisha, Bwana Shume. Gari limesema manyoya yako yanalitia chafya."

"Limesema?"

"Limesema."

Paka Shume akarudisha filimbi.

Habari zikaenea. Majirani wakaja kumjulia hali mgonjwa. Swala alileta ndizi. Fisi hakuleta kitu, lakini alikaa sana, karibu na sufuria. Wote waliongea kwa sauti ya chini, wakasema pole, wakaondoka kwa kunyata.

Mke wa Kiboko, Bi Mwanaidi, ndiye aliyekuwa anapika uji. Siku moja akasimama mbele ya gari, mkono kiunoni.

"Tangu lini magari yanasema?"

"Tangu niumwe, mama," likajibu gari.

"Na uji unakunywa kweli?"

"Uji huu wako, mama? Hata mzima angejifanya mgonjwa aupate."

Bi Mwanaidi akashusha mkono. Kisha akaenda kuongeza sukari.

Harufu ya karanga ikawaita panya wengine. Wakaja kundi zima, meno nje. Siwatu akawatokea chini ya gari, macho makali.

"Hapa pana watoto wachanga. Waya mmoja ukikatika, fundi ataitwa, boneti itafunguliwa, na wanangu watakufa. Kuleni karanga, mwende zenu."

Wakala, wakaenda zao. Na Siwatu mwenyewe, ingawa meno yalimuwasha kila alipotazama zile nyaya, alitafuna maganda tu.

Siku zikapita. Macho ya watoto ndiyo kwanza yalikuwa yanafunguka, Paka Shume alipokuja naye kumjulia hali mgonjwa. Akalizunguka gari polepole. Akanusa. Akanusa tena.

"Mzee," akamwambia Kiboko, "mgonjwa wako ananuka panya."

Masikio ya Kiboko yakasimama. Akaweka mkono juu ya boneti.

Humo ndani, Siwatu aliwakumbatia wanawe wote kwa pamoja. Lakini sauti yake ilitoka imetulia.

"Baba, panya akiingia kwenye gari hufanya nini?"

"Hutafuna nyaya."

"Basi washa taa. Taa tu, usiguse injini."

Kiboko akawasha. Pwaa! Zikawaka zote.

"Piga honi."

Piiiiii! Fisi, aliyekuwa kwenye sufuria, akaruka hadi uani kwa jirani.

"Nyaya zangu zote nzima," likasema gari. "Sasa huyu anayetaka nifunguliwe, anatafuta dawa yangu au chakula chake?"

Kiboko akaondoa mkono. Akamtazama paka kwa masikitiko makubwa. "Bwana Shume, toka kwangu. Huwezi kuja kumtia presha mgonjwa."

Watoto walipoweza kutembea, gari likaita kwa sauti ya furaha: "Baba, nimepona! Geuka nyuma, nataka kutoka kitandani."

Kiboko akageuka. Akafumba na macho, kwa adabu. Siwatu akashuka na wanawe, kila mmoja ameuma mkia wa mwenzake, wakakata uwanja, wakatokomea kwenye mahindi.

Bi Mwanaidi alikuwa mlangoni. Aliiona safu nzima. Akafungua mdomo aseme. Kisha akakumbuka ni nani aliyekuwa anapika uji, akaufunga.

Kiboko akatia ufunguo. Ngurrrrr! Gari likawaka mara moja. Akalia kwa furaha, akapakia maboga, akaenda sokoni huku anapiga honi njia nzima.

Sokoni wenye magari wakamzunguka. "Bwana Kiboko, sisi panya wanatumaliza. Wewe umefanyaje?"

Kiboko akapanda juu ya boga ili aonekane. "Ondoeni wavu," akasema. "Osheni pilipili. Fukuzeni paka. Wekeni karanga chini ya injini, na mtu asifungue boneti. Nimefanya hivyo, na hakuna waya hata mmoja uliotafunwa."

Wakakagua gari lake. Ni kweli, hakuna.

Kufikia jioni, paka wote wa nchi ile hawakuwa na kazi, na karanga zilikuwa zimekwisha madukani.

Basi, wanangu, mtu akikushauri ubomoe ukuta wako, muulize kwanza yeye analala wapi.