Nyuma ya Gunia la Dagaa

"Mvizia meli, meli haimwoni." Mmemsikia mjomba wenu akimwambia Riziki maneno hayo asubuhi, kwa sababu binti anatakiwa ukweni Kigoma, naye amekaa na simu tangu juzi akingoja nauli ya meli ishuke. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza: Bibi, nani aliwahi kuivizia meli? Meli si swala. Haya, sogeeni. Maneno hayo yalizaliwa hivi.

Kusini mwa Ziwa Tanganyika palikuwa na kijiji kikiitwa Isogolo. Gati hakikuwa nalo. Meli ya abiria ilipita mara moja kwa wiki kuelekea Kigoma, ikasimama mbali majini na kupiga honi. Honi ya kwanza, jiandaeni. Ya pili, karani anakuja ufukweni kwa mtumbwi kuuza tiketi. Ya tatu, aliyebaki abaki.

Sasa Mfaume, mchuuzi wa dagaa, siku moja tumbo lilimkamata njiani. Alipotoka vichakani honi ya tatu ilikuwa inalia, karani anafunga mkoba wake. Kitanda kimoja cha daraja la pili kilikuwa kitupu, na kitanda kitupu hakilipi nauli, basi karani akamwuzia kwa nusu bei. Mfaume akalala kwenye godoro na shuka kama bwana shamba. Aliporudi, Isogolo haikulala kwa majigambo yake.

"Siri ni kutoonekana," alisema. "Karani akiona watu wengi, bei haishuki. Jifiche mpaka honi ya tatu, kisha utoke mbio kama umefika sasa hivi. Na uheme kidogo."

Akamwambia mtu mmoja tu. Huyo naye akamwambia mmoja tu. Siri za kijijini mnazijua zinavyotembea.

Hapo Isogolo alikuwapo Bi Zamoyoni, mjane mwenye maringo yake. Kaka yake, Mzee Kitwana wa Ujiji, alikuwa anamwoza bintiye Sikujua. Na katika ukoo wao, bi arusi hatoki chumbani mpaka shangazi yake, dada wa baba, amfunue ushungi kwa mkono wake mwenyewe. Pasipo shangazi hapana arusi. Kwa hiyo Kitwana alimtumia dada yake nauli kamili. Bi Zamoyoni akaitazama ile nauli, na katika nusu yake akaona doti ya kanga mpya.

Siku ya meli alifika ufukweni alfajiri na gunia la dagaa, zawadi ya arusi. Akachutama nyuma yake. Ufuko ulikuwa mtupu, akafurahi: leo bei itaanguka mpaka ivunjike mguu! Alisikia mtu akikohoa kwenye banda la kukaushia samaki, akadhani ni mbuzi. Chini ya mtumbwi uliofunikwa kitu kilipiga chafya. Mbuzi tena. Mfaume mwenyewe alikuwa kwenye banda la kuku.

Meli ikaja. Nahodha akatazama kwa darubini, akaona mbuzi mmoja, tena wa kweli. Akapiga honi, kimya. Akapiga ya pili, kimya. Karani ashuke kumwuzia nani tiketi? Ya tatu ilipolia, kijiji kizima kiliruka kutoka mafichoni kwa pamoja, kila mtu anahema kama alivyofundishwa.

"Wewe umetoka wapi?"

"Ndiyo kwanza nafika. Na wewe?"

"Hata mimi."

Meli ilikuwa imewapa mgongo. Walisimama wakitazamana, hawaelewi: meli imewahi, au wao wamechelewa mahali walipokuwapo tangu alfajiri?

Kigoma, Mzee Kitwana alimwuliza nahodha, "Dada yangu wa Isogolo yuko wapi?"

"Isogolo? Mzee, kule hakuna mtu. Ufuko mzima mbuzi mmoja."

Maneno hayo yalipofika Ujiji yalikuwa yamekua: kipindupindu kimemaliza Isogolo yote. Ngoma ikanyamaza. Pilau ya arusi ikaliwa matangani. Wazee wa bwana arusi wakaanza kunong'ona kwamba bi arusi ambaye shangazi yake amekufa, nani atamtoa ndani? Heri turudishiwe mahari yetu. Na Sikujua chini ya ushungi analia, hajui amlilie shangazi au mume.

Wiki iliyofuata Bi Zamoyoni alisimama ufukweni akipunga kanga nyekundu tangu gizani, akalipa nauli nzima kabla hajaulizwa. Alipokaribia nyumba ya kaka yake alisikia vilio. Nanyi mnajua, mwanamke wa kwetu haulizi mlangoni aliyekufa ni nani. Analia kwanza, anauliza baadaye. Akatupa gunia, akashika kichwa, akalia kuwashinda wenyeji. Aliposhiba kulia akamgeukia jirani aliyejifunika kanga usoni.

"Poleni, dada. Ni nani aliyetutoka?"

"Zamoyoni, dada yake Kitwana."

"Uuuwi, Zamoyoni!" Akalia tena. Kisha akafuta machozi. "Zamoyoni yupi?"

"Wa Isogolo."

"Mbona Zamoyoni wa Isogolo ni mimi?"

Jirani akafunua uso. Ah! Wanawake walitorokea madirishani. Msoma khitma alikimbia na kiatu kimoja, tena si chake. Alibaki Kitwana peke yake.

"Wewe mtu au nini?"

"Kaka, mzimu gani ananuka dagaa?"

"Meli ilipokuja ulikuwa wapi?"

"Ufukweni."

"Nahodha kasema hapakuwa na mtu!"

"Nilikuwa nyuma ya gunia."

"Unafanya nini nyuma ya gunia?"

Bi Zamoyoni akachora chini kwa kidole cha mguu. "Naivizia. Bei ishuke."

Kitwana akatazama masufuria matupu. Akawatazama wakwe, wameshabeba sanduku lao la nguo, wako uani. "Dada yangu," akasema, "mvizia meli, meli haimwoni."

Sauti ikatoka chumbani: "Shangazi! Kama u hai njoo unifunue, hawa watu wanaondoka!"

Alikimbia bila kunawa. Ushungi ukafunuliwa kwa mikono ya dagaa, bi arusi akapiga chafya, vigelegele vikapasuka, na sanduku likarudishwa ndani. Wageni walikula ugali kwa dagaa wa gunia lile lile lililomficha shangazi, maana pilau yao walikuwa wameshaila kwenye matanga yake.

Ndiyo hivyo. Mvizia meli, meli haimwoni. Haya, Riziki, kakate tiketi, kabla ukweni kwako hawajaanza kuchambua mchele wa matanga yako.