Mwinchande Msuka Kamba

Paukwa!

Pakawa!

Nisimulie, au niende zangu nikalale?

Simulia, tunasikia!

Basi sogeeni. Hapo zamani za kale, katika kijiji kilichokuwa kando ya mto, aliishi mtoto wa kike jina lake Sikudhani. Baba yake alifariki yeye Sikudhani akiwa na miaka mitano. Alipofika miaka minane, mama yake, Mize, akaposwa na mtu aliyeitwa Mwinchande.

Mwinchande kazi yake ilikuwa kusuka kamba. Anakata katani porini, anaiponda, anaianika, kisha anasuka. Anasuka, anasuka, anasuka. Kamba ya kisima alisuka yeye. Kamba za daraja alisuka yeye. Akisikia paa la mjane limeezuliwa na upepo, asubuhi utamkuta juu ya paa, kamba begani, anafunga. Na kwa kuwa kamba ndefu husukwa na watu wawili, alikuwa na tabia yake moja. Akijua fulani na fulani hawasemezani, huwaita wote wawili wamsaidie. Huyu ashike huku, yule ashike kule. Wanasokota kimya. Wanasokota. Mwisho mmoja anasema, "Kaza kidogo upande wako." Ugomvi umekwisha.

Siku Mwinchande alipohamia kwa Mize, bibi mmoja alisimama mlangoni akasema, "Jamani, mkaribisheni mgeni." Sikudhani akalishika neno lile. Tangu siku hiyo hakumwita baba, hakumwita mjomba. Alimwita Mgeni.

"Mgeni, mama anakuita ule."

"Naam, nakuja."

"Mgeni, umekalia mkeka wangu."

"Naam, nauacha."

Watu wakacheka. Mtu mzima, mwenye nyumba, anaitwa mgeni kwake. Mize akaona haya, akamshika mtoto sikio. Mwinchande akamwambia, "Mwache, mke wangu. Nyumba hii yeye ameijua kabla yangu. Na baba anaye, ila hayupo tu."

Sikudhani aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya mlango. Kesho yake akamwita Mgeni vilevile, lakini alimwachia upande mmoja wa mkeka.

Basi wakakaa. Mwaka wa tatu macho ya Mize yakaanza kuingia ukungu. Akapakwa dawa hii, akapakwa dawa ile. Ukungu ukazidi. Masika yalipokwisha hakuona tena hata mkono wake. Akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda kutwa nzima, anangoja kuongozwa, na sauti yake ikapotea nyumbani.

Mwinchande akaingia porini. Akakata katani, akaponda, akaanika, akasuka. Siku kumi na mbili anasuka, jirani akimshikia upande wa pili. Kisha akachimbia vigingi, pa! pa! pa!, akatandaza kamba kuanzia mlangoni, kimo cha kiuno cha mkewe. Akamshika Mize mkono, akamwekea kidole juu ya kamba.

"Ukikuta fundo moja, hapo ni jikoni. Mafundo mawili, kisimani. Mafundo matatu, kwa shoga yako Kidawa."

"Kwa Kidawa nako umefikisha?" Mize akauliza.

"Nako. Mtu hawezi kuishi kwa moto na maji tu. Anataka na pa kupigia soga."

Mize akacheka. Sikudhani alikuwa kisimani anachota, akamwona mama yake anakuja peke yake, polepole, mkono juu ya kamba, kichwa juu. Akaiweka ndoo chini. Alitaka kumwambia Mwinchande neno, na neno lenyewe hakulipata.

Sasa sikilizeni. Ulikuja mwaka wa mavuno mazuri ya mpunga, na mashamba ya mpunga yalikuwa ng'ambo ya mto. Asubuhi moja wanawake wanane wakavuka daraja kwenda kuvuna. Sikudhani, binti wa miaka kumi na miwili, akawafuata, akawa wa tisa. Kijijini jua linawaka. Kumbe milimani mvua imepiga usiku kucha.

Walisikia kwanza mlio. Ghuuuu! Kisha maji yakaja, mekundu, na magogo ndani yake. Daraja likapigwa mara moja tu. Kacha! Likaenda. Mashamba yakaanza kujaa. Wanawake wakakimbilia mwinuko mdogo uliokuwa na mkuyu mmoja, wakasimama hapo wamekumbatiana, na maji yanapanda.

Yaliyotokea nyumbani, Sikudhani alisimuliwa baadaye. Wanaume walimkimbilia Mwinchande kutaka kamba. Kamba mpya ya daraja ilikuwa nusu, haifiki hata katikati ya mto. Mize akasikia, akauliza, "Yangu je, inafika?"

"Inafika," Mwinchande akasema. "Lakini wewe utarudi kwenye kigoda."

"Nitakaa. Ifungue upesi, mwanangu yuko ng'ambo."

Mwinchande alikuwa ameshafungua kigingi cha kwanza.

Sikudhani akamwona Mwinchande ng'ambo ile, mvi zake, kamba kiunoni, wanaume wameshika mwisho wake. Mzee akaingia majini. Chubwi! Akazama. Akaibuka mbali, alikosukumwa na mkondo, akapiga mikono, akazama tena. Akaibuka. Akafika anatambaa, akaizungusha kamba kwenye mkuyu, akafunga. Hakupumzika. Akarudi hadi katikati, penye nguvu ya maji, akapata mwamba wa kukanyaga, akasimama na mgongo wake kuuelekea mkondo, akawapitisha wanawake mmoja mmoja. Shika hapa. Mguu huku. Nenda. Shika hapa. Mguu huku. Nenda.

Wanane wakavuka. Sikudhani akabaki. Miguu ilikataa.

Mwinchande akarudi hadi kwenye mkuyu.

"Siwezi kushuka," Sikudhani akasema.

"Basi tukae kidogo."

Akaketi kwenye tope, kando yake. Maji yakafika vidoleni. Yakafika vifundoni. Watu wa ng'ambo wanapiga kelele, yeye ametulia.

"Nenda zako, Mgeni. Utakufa hapa."

"Kurudi bila wewe siwezi. Nikifika nimwambie nini mama yako? Na mimi mwenyewe nitakaaje katika nyumba ile?"

Sikudhani akamtazama. Midomo ya yule mzee ilikuwa inatetemeka kwa baridi. Akainuka, akashika kamba.

Walipofika katikati, gogo likaja likampiga Mwinchande kwenye paja. Akaenda chini. Mkono wake mmoja tu ulionekana, umeng'ang'ania kamba.

"Baba!" Sikudhani akalia. "Baba!"

Mwinchande akaibuka, anakohoa. Akageuka nyuma kutazama nani anaitwa. Nyuma palikuwa na maji tu.

"Wamwita nani?"

"Wewe."

Akajibu kama alivyokuwa akijibu siku zote, "Naam." Wakaenda mpaka ukingoni.

Paja lile halikupona vizuri, akawa anachechemea. Lakini jioni ileile, maji yalipopungua na vijana wakaifungua kamba mkuyuni, aliirudisha kwenye vigingi vyote, na asubuhi Mize akaenda kwa Kidawa kupiga soga.

Miaka ikapita, mingi. Sikudhani akaolewa, akazaa watoto wanne. Mwinchande akazidi kuzeeka kando ya Mize, anamweleza kila asubuhi mahindi yamefika kimo gani na nani kapita njiani kavaa nini. Akaugua siku tatu, akafariki. Walikuja kumzika watu wa vijiji saba.

Matangani palikuwa na mzee kutoka mbali, hakuwajua wenyeji. Akauliza, "Marehemu ameacha watoto wangapi?"

Mtu mmoja akamjibu kwa sauti ya chini, "Maskini, hakujaaliwa mtoto."

Sikudhani alikuwa anapita na birika la maji ya kunawa. Akaliweka chini.

"Ameacha mmoja, babu. Ndiye mimi."

Yule mzee akaomba radhi, akanyoosha mkono. "Basi pole, binti Mwinchande."

Sikudhani akaupokea mkono ule. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, akalia.

Wasikilizaji wangu, mafunzo yake ndiyo haya: anayemlea mtoto bila kumdai jina, huwa mzazi wake siku nyingi kabla mtoto hajamwita. Mkiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani, mwiteni mapema, angali anasikia.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aichukue, akawasimulie wa kwao.