Udhu wa Sheikh Haidari

Paukwa!

— Pakawa!

Nyinyi wa mlangoni, mbona midomo mizito? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mji, mji ukawa na msikiti, msikiti ukawa na sheikh. Kaeni vizuri, msikanyagane, niwaeleze yaliyomfika.

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali sana, palikuwa na mji wenye mitaa miwili. Mtaa wa Juu walikaa weupe, ambao babu zao walitoka ng'ambo. Mtaa wa Chini walikaa weusi, ambao babu zao hawakutoka popote, walikuwapo. Msikiti ulikuwa mmoja. Kibla kimoja. Mungu mmoja. Lakini safu ya mbele ilikuwa ya nani?

— Ya weupe!

Na ya nyuma? Mnajua wenyewe. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilikuwa hivyo tu, na mtu akijisahau akasogea mbele, alikoholewa mpaka akarudi.

Sheikh wa msikiti huo aliitwa Haidari. Mweupe, ndevu zimechanwa, sauti tamu. Kila mwaka alipanda mimbari akasimulia habari za Bilali, mtu mweusi aliyepewa heshima ya kuadhini mbele ya Mtume, na kila mwaka alilia. Machozi ya kweli, jamani, simsingizii. Kisha alishuka, akawapa weupe mkono mzima, na weusi akawapa ncha za vidole.

Basi Mtaa wa Chini alikaa bibi kizee mmoja, Bi Mwanakombo. Mweusi tititi, mdogo wa mwili, mdomo hauna breki. Alikuwa na mwanawe, Faki. Faki naye alikuwa na mwanawe, Makame, fundi mwashi. Makame huyu ndiye aliyepaka msikiti chokaa, kuta zote, ndani na nje. Msikiti ukang'ara. Alipokuwa akipaka chumba cha madrasa, akamwona mwalimu wa watoto, Thureya, binti wa Sheikh Haidari.

"Fundi," Thureya akamwambia, "umepaka ukuta, umepaka na mkeka wangu."

"Mkeka nitaufua, mwalimu."

Aliufua. Akaurudisha. Akaja kuuliza kama umekauka. Mkeka gani huo, enyi watu, unaoulizwa wiki nzima? Wakapendana, na wala hawakutaka kujificha. Makame akamwendea bibi yake.

"Bibi, nataka kumposa Thureya."

Bi Mwanakombo akaweka mwiko chini. Alimpenda mjukuu huyu kuliko macho yake, na alimjua Haidari kuliko watu wote wa mji ule. "Poseni kwa adabu," akasema. "Nyumba ile naijua."

Mshenga akaenda. Sheikh akasema, "Binti bado mdogo."

Mshenga akarudi tena. Sheikh akasema, "Binti ana masomo."

Mshenga akarudi mara ya tatu. Sheikh akasema kweli yake: "Makame ni kijana mwema, anaswali, ana kazi ya mikono. Lakini weusi ule hauingii nyumbani kwangu."

Haikumtosha. Ijumaa ya wiki ile ile alipanda mimbari, mimbari ile ile ya habari za Bilali, akaapa mbele ya jamaa wote: "Wallahi, Thureya ataolewa na mtoto wa ndugu yangu, ndugu niliyenyonya naye ziwa moja. Si mwingine!"

Mtaa wa Juu wakaitikia kwa vichwa. Wote walijua anamkusudia mtoto wa kaka yake aliye ng'ambo. Kaka wa baba mmoja, mama mbalimbali. Lakini mtu akitaka kujikweza husema ziwa moja, hapimi maneno.

Thureya alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Akatoka mbio mpaka Mtaa wa Chini, akaanguka magotini mwa Bi Mwanakombo. "Bibi, yamekwisha! Baba ameapa." Akamkariria kiapo neno kwa neno.

Bi Mwanakombo akasikiliza. Akainua kichwa. "Amesema ziwa moja?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Na wallahi juu yake?"

"Na wallahi juu yake, bibi."

Bi Mwanakombo akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Sasa nitegeeni sikio, maana hapa ndipo penyewe. Haidari alipozaliwa, mama yake alikauka maziwa. Mtoto analia, mtoto anakwisha. Nani aliyekuwa na maziwa siku zile? Mwanakombo wa Mtaa wa Chini, mwenye kichanga chake, Faki. Akawanyonyesha wote wawili, akitoka Faki akiingia Haidari, ziwa lile lile, mpaka walipoacha kunyonya. Na dini inasema nini? Aliyekunyonyesha ni mama yako. Humuoi, na ukimgusa udhu hautenguki. Lakini ukimgusa mwanamke baki, asiye mama wala dada yako, kwa watu wa mji ule, udhu umekwenda, rudi ukatawadhe.

Haidari aliyajua hayo. Kila Idd alitawadha kwake, akapita vichochoro, akaingia kwa Bi Mwanakombo kwa mlango wa uani, akambusu mkono jikoni, akaenda moja kwa moja kuswalisha. Kwa mlango wa uani, nasema! Watu wasimwone. Na bibi alimfichia, kwa sababu mama hamwaibishi mwanawe. Lakini sasa mwana alikuwa anamvunja moyo mjukuu.

Ijumaa iliyofuata, Bi Mwanakombo akavaa, akaenda akasimama baina ya birika na mlango wa msikiti. Jamaa wamejaa. Sheikh Haidari akatoka birikani, maji yanamchuruzika kwenye ndevu. Bibi akamshika mkono.

"Hujambo, Haidari?"

Watu wakashtuka. "Sheikhe, udhu!"

Sheikh akaona macho yote juu yake. Akautoa mkono, akarudi birikani, akatawadha upya. Bibi akangoja. Alipotoka, akamshika tena.

"Hukuniitikia, Haidari."

"Udhu, sheikhe, udhu!"

Akarudi tena. Akatawadha. Akatoka. Bibi akamshika mara ya tatu, safari hii kwa mikono yote miwili, na hakumwachia.

"Haidari," akasema, na sauti ilifika mpaka safu ya mbele, "mkono huu umeubusu kila Idd jikoni kwangu, ukatoka ukaenda kuwaswalisha watu hawa. Hukurudi birikani hata mara moja. Kama mimi ni mwanamke baki, basi Idd zote hizo uliswalisha bila udhu. Waambie! Na kama udhu ulikuwepo, waambie mimi ni nani kwako."

Mzee mmoja wa Mtaa wa Juu akashika kichwa: "Idd zetu!"

Sheikh akatazama birika. Akatazama mlango. Kutoka dirisha la wanawake ikasikika sauti ya Thureya, haitetemeki:

"Baba, utarudi birikani?"

Hapo ndipo macho ya Sheikh Haidari yalipojaa. Mara hii hakumlilia Bilali. Alijililia mwenyewe. Akainama, akaubusu mkono ule mweusi mbele ya mji mzima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akavuka mlango wa msikiti kwa mguu wa kulia, na udhu wake, akaingia. Takbiri iliyopigwa siku hiyo, njiwa wote waliruka kwenye paa.

Lakini bibi, pale mlangoni, alikuwa hajamaliza. "Haidari! Ulinyonya pamoja na nani?"

"Na Faki, mama."

"Faki ni nani kwako?"

"Ndugu yangu. Ziwa moja."

"Na Makame ni mtoto wa nani?"

Sheikh akafumba macho. Safu ya nyuma wakajibu kwa niaba yake, kwa kishindo: "Wa Faki!"

"Basi timiza kiapo."

Akakitimiza. Akamwita Faki kutoka nyuma, akamsimamisha safu ya mbele, bega kwa bega na weupe. Mtu mmoja akakohoa. Sheikh akageuka, "Ukiwa mgonjwa, nenda nyumbani." Hakukohoa mwingine. Baada ya swala, Thureya akaulizwa, akajibu ndiyo kabla swali halijaisha, na Makame akaoa siku ile ile, chokaa ingali kuchani.

Idd ilipofika, Bi Mwanakombo aliacha mlango wa uani wazi, kama kawaida yake. Akangoja. Hakuona mtu. Mara akasikia hodi ya mlango wa mbele, ule wa barabarani. Akafungua. Alikuwa Haidari, kanzu nyeupe, jua limewaka, na nyuma yake mitaa yote miwili imepanga safu. Akambusu mkono, kisha wakaenda wote moja kwa moja kuswali.

Mimi nilikuwepo, nikala biriani, mifupa nimewaachia nyinyi. Hadithi yangu imetawadha, imeswali, imekwenda kulala. Asiyeitaka airudishe kwa mlango wa mbele.