Uwanja wa Nyumba Isiyokuwepo

Mtungi hata ukiupiga makofi mchana kutwa hautakuambia una nini tumboni. Kata huingia, ikatoka na jibu. Wahenga walilijua hilo zamani, lakini walimu wa shule moja karibu na Goweko walilijua baada ya kuchosha mikono yao.

Ulikuwa mwaka ule watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Shule ilikuwa imeongeza shamba lake la tumbaku juu ya mahame ya waliohamishwa, na kila miche ilipopandwa, Apolinaria, msichana wa darasa la nne, aliing'oa. Alichapwa, akang'oa. Alichoteshwa maji, akang'oa. Darasani nako alikuwa mwiba: aliyemgusa alipigwa, aliyemfundisha aligeuziwa kisogo.

"Jumamosi namfukuza," alisema Mwalimu Raymundi, mkuu wa shule, mtu mwenye sauti ya kuamsha popo darini. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Niachie hadi Jumamosi hiyo, mwalimu," aliomba Mwalimu Mwanahawa. Yeye alikuwa mzaliwa wa Tabora mjini, mgeni pale kijijini, na kila jioni moyo wake ulirudi kwao bila yeye. Labda ndiyo maana hakuweza kumchukia mtoto yule.

Aliiweka fimbo kando, akaanza kutazama. Akaona jambo ambalo wenzake walikuwa wakilikanyaga tu: Apolinaria hakung'oa ovyo. Aling'oa pembe moja, karibu na njia ya zamani, na miche ya kwingine hakuigusa. Ijumaa, mtoto alipokwenda huko, Mwanahawa alimfuata, akapiga magoti kando yake, naye akang'oa mche mmoja.

Apolinaria alishtuka. "Shikamoo, mwalimu. Utafukuzwa!"

"Marahaba, mwanangu. Basi tutafukuzwa wote. Niambie, tunang'oa kwa nini?"

Mtoto alinyosha kidole kuonyesha udongo.

"Huu ni uwanja wetu. Nyumba ilikuwa hapa, mlango pale. Mama alikwenda kwao Urambo kabla hatujahamishwa. Aliniambia nimsubiri hapa hapa. Sasa kule kijijini nyumba zote zimefanana, na hapa ni tumbaku tupu. Akija atajuaje?"

Mwanahawa aliuweka chini mche aliokuwa ameung'oa. Alilia waziwazi, mwalimu mzima, udongo mikononi.

Jioni ile alimweleza mkuu wake yote. Raymundi akapandisha sauti. "Na tumbaku ya shule? Niwaambie wakubwa kwamba pembe ile inamsubiri mtu?"

"Waambie hivyo. Kila asubuhi mtoto afagie uwanja wa mama yake, kisha aingie darasani. Akimpiga mtu tena, nifukuze mimi."

Mkuu alinung'unika wee, lakini Jumamosi ilipita, Apolinaria hakufukuzwa, na pembe ile haikupandwa tena.

Tangu hapo mtoto alifagia kila asubuhi, kisha akaingia darasani. Sisemi aligeuka malaika. Bado alinuna, na pengine alichungulia dirishani hadi kipindi kikaisha. Lakini mikono ilitulia, na kusoma kukaanza. Mama hakuja. Tumbaku ikavunwa, ikakaushwa, ikachukuliwa, mama hakuja. Mwanahawa alimngoja mwanamke yule asiyemjua kana kwamba ndiye aliyemzaa yeye.

Asubuhi moja Apolinaria alilala na homa. Mwanahawa akachukua ufagio akakimbilia uwanjani, asije mgeni akakuta majani. Kumbe alikuwa ametanguliwa. Mwalimu Raymundi, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuwa akifagia kwa nguvu, na kila baada ya muda alisimama kutazama njia.

"Usinitazame hivyo, mwalimu," alisema, na sauti yake siku hiyo isingeamsha hata nzi. "Akija leo je?"

Fimbo zote zile hazikuwahi kumfikisha mkuu kwenye swali hilo. Alifikishwa na mtu aliyepiga magoti udongoni kando ya mtoto, akauliza. Ama kweli, siri ya mtungi aijuaye kata.